Masters ya Snuka na Fainali Yake: Maswali Mnayoniuliza Kila Januari

Kila Januari maswali huwa yale yale. Mtu amewasha televisheni, amekuta wanaume wawili wenye vizibao na tai za kipepeo wanaizunguka meza kubwa ya kijani, na ukumbi mzima umetulia tuli kama maji ya mtungini. Anapiga simu: "Hivi hawa wanafanya nini, na kwa nini hakuna anayeongea?" Nimeona bora niyajibu yote mahali pamoja.

Masters ni mashindano gani?

Ni mashindano ya snuka ya wachezaji wa kulipwa, ya mwaliko, yanayofanyika London kila Januari. Yalianza 1975. Pamoja na Ubingwa wa Dunia na Ubingwa wa Uingereza, ndiyo mataji matatu ambayo kila mchezaji anataka kuyaona kabatini kwake kabla hajastaafu. Matatu hayo si ya aina moja, na Masters ndiyo yenye tabia ya kipekee: huwezi kujiandikisha, huwezi kupita mchujo, na ukishinda hupandi hata nafasi moja kwenye orodha ya ubora.

Nani hualikwa?

Wachezaji 16 wa kwanza kwenye orodha ya ubora duniani, basi. Orodha hufungwa baada ya Ubingwa wa Uingereza kumalizika mwezi Desemba, kwa hiyo mashindano hayo huwa na vita ndani ya vita: mbele wanagombea kombe, na nyuma kuna watu wa nafasi ya 15, 16 na 17 wanaopigania mwaliko wa London. Bingwa mtetezi hupangwa wa kwanza na bingwa wa dunia wa pili. Wengine hufuata viwango vyao.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Mwaka 1975 walialikwa 10 tu, wakafika 16 mwaka 1983. Kwa miaka mingi waandaaji walikuwa na nafasi za kuwapa watu waliowataka wenyewe, vijana wenye kipaji au majina makubwa yaliyoshuka viwango. Mlango huo ulifungwa baada ya mashindano ya 2010. Binafsi naona ulifungwa vizuri. Mwaliko wenye upendeleo huleta manung'uniko, na mtu aliyeshika nafasi ya 16 kwa jasho lake hapaswi kuanza kwa mechi ya ziada dhidi ya mgeni wa heshima.

Mtu akialikwa akashindwa kwenda?

Anaitwa anayefuata kwenye orodha. Mwaka 2025 Ronnie O'Sullivan alijitoa kwa sababu za kiafya, na nafasi yake akapewa Neil Robertson wa Australia. Mwaka 2021, enzi za korona, Judd Trump na Jack Lisowski walikutwa na virusi, nafasi zao zikachukuliwa na Joe Perry na Gary Wilson.

Kama hayapandishi kiwango, wanayahangaikia ya nini?

Hapa ndipo wengi wanapochanganyikiwa. Kwenye snuka ya kulipwa, kiwango cha mchezaji ni jumla ya fedha alizoshinda kwa miaka miwili katika mashindano yanayohesabiwa. Fedha za Masters hazihesabiwi. Bingwa wa 2025, Shaun Murphy, alipewa pauni 350,000, na kwenye orodha ya ubora hazikuongeza hata senti. Ni sawa na timu kushinda ngao ya hisani: kombe ni lako na fedha ni zako, lakini msimamo wa ligi uko palepale.

Lakini fikiria upande wa pili. Kwenye mashindano ya kawaida, mtu wa nafasi ya 3 anaweza kuanza na mtu wa nafasi ya 90. Masters haina mechi ya kupashia misuli moto, maana raundi ya kwanza tayari ni ya wakubwa kwa wakubwa. Na kwa kuwa hakuna kiwango cha kulinda, watu hucheza kwa kujiachia zaidi. Mpira ambao kwenye Ubingwa wa Dunia mwezi Aprili mtu angeukwepa kwa woga, hapa anaujaribu. Ndiyo maana mimi, nikilazimishwa kuchagua wiki moja tu ya snuka kwa mwaka mzima, nachagua hii, siyo Ubingwa wa Dunia.

Mimi nacheza pool mtaani. Nitaielewa snuka?

Utaielewa ndani ya nusu saa, ila usidhani ni mchezo uleule. Meza ya snuka ina urefu wa futi 12 na upana wa futi 6, wakati meza nyingi za baa zetu ni za futi 7. Midomo ya mashimo yake imeviringika, kwa hiyo mpira uliopigwa ovyo hutemwa nje. Fundi wa pool anayetamba kijiweni akiwekwa kwenye meza hii siku ya kwanza, anaweza kumaliza dakika 10 hajaingiza kitu.

Mipira ni 22: mmoja mweupe wa kupigia, 15 myekundu yenye thamani ya pointi 1 kila mmoja, na sita ya rangi: njano 2, kijani 3, kahawia 4, bluu 5, waridi 6, mweusi 7. Unaingiza mwekundu, kisha rangi, kisha mwekundu, kisha rangi. Mwekundu ukiingia haurudi. Rangi inarudishwa mezani hadi myekundu iishe. Baada ya hapo rangi zinaingizwa kwa mpangilio wa thamani, kuanzia njano hadi mweusi. Mwenye pointi nyingi anashinda fremu, yaani mchezo mmoja.

Na kama huoni pa kuingiza? Unaficha. Unaupeleka mweupe nyuma ya mpira mwingine ili mwenzako asiuone ule anaotakiwa kuugusa. Akishindwa kuugusa, wewe unapata pointi 4 au zaidi, hadi 7. Ufundi huo wa kuficha ndio uliobeba jina la mchezo wenyewe.

Hiyo 147 wanayoishangilia ni nini?

Ni pointi nyingi kuliko zote ambazo mtu anaweza kupata kwa zamu moja bila kupewa zawadi ya kosa la mwenzake. Myekundu 15, kila mmoja ukifuatiwa na mweusi: hiyo ni 120. Halafu rangi sita za mwisho: 27. Ndani ya Masters imetokea mara chache sana. Wa kwanza alikuwa Kirk Stevens wa Kanada mwaka 1984, kwenye nusu fainali dhidi ya Jimmy White, akiwa amevaa suti nyeupe. Mechi yenyewe akapoteza, na White akaenda kuchukua kombe. Ding Junhui naye alipata 147 dhidi ya O'Sullivan mwaka 2024, akafungwa 6-3. Shaun Murphy alikuwa na bahati nzuri zaidi mwaka 2025: aliipiga kwenye nusu fainali, kesho yake akawa bingwa.

Ratiba ya wiki ikoje?

Siku nane, Jumapili hadi Jumapili, meza moja tu. Hilo la meza moja ni kubwa kuliko linavyosikika: mashindano mengi huwa na meza mbili au zaidi ukumbini, na makofi ya meza ya jirani yanamkatisha mtu pumzi. Hapa macho yote yako mahali pamoja. Hadi nusu fainali, wa kwanza kufikisha fremu 6 anapita.

Na fainali?

Wa kwanza kufikisha fremu 10, kwa hiyo zinaweza kuchezwa 19. Yote ndani ya siku moja, kwa vipindi viwili. Mchana fremu 8, kisha mapumziko ya saa kadhaa, kisha usiku zilizobaki. Fainali ya Ubingwa wa Dunia huchukua siku mbili na inaweza kufika fremu 35. Ile ni safari ya meli. Hii ni safari ya basi la usiku: ukisinzia kidogo, umepitiliza kituo.

Ni kweli anayeongoza mchana huweza kulizwa usiku?

Ni kweli, na ndiyo sababu nawaambia watu wasizime televisheni mapema. Kipindi cha mchana kinakupa takwimu. Usiku ndio unaokupa bingwa.

Chukua 1991. Mike Hallett aliongoza 7-0, kisha 8-2, akabakiza fremu moja tu. Stephen Hendry akashinda saba mfululizo, akachukua kombe kwa 9-8, maana enzi hizo fremu 9 zilitosha. Inasimuliwa kwamba Hallett alipofika nyumbani kwake alikuta wezi wameshaingia. Siku ikikuandama, inakuandama mpaka mlangoni.

Mwaka 1997 Steve Davis, akiwa na miaka 39 na watu wameshamweka kwenye kumbukumbu, alikuwa nyuma 8-4 dhidi ya kijana Ronnie O'Sullivan. Akashinda fremu sita mfululizo: 10-8. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Hendry kuonja dawa aliyokuwa akiwanywesha wengine. Aliongoza 9-6, Mark Williams akasawazisha, fremu ya mwisho ikaisha kwa pointi sawa. Ikitokea hivyo, mpira mweusi unarudishwa mahali pake, sarafu inarushwa kuamua nani aanze, na wa kwanza kuuingiza ndiye mshindi. Mashindano ya wiki nzima yakabaki kwenye mpira mmoja. Williams akauingiza.

Kisa cha namna hiyo kilikuwapo tangu siku ya kwanza, kwani hata fainali ya 1975 iliamuliwa kwa mweusi uliorudishwa, John Spencer akimshinda Ray Reardon 9-8. Mwaka 2010 Mark Selby alitoka 9-6 nyuma akamfunga O'Sullivan 10-9.

Sababu? Nina maoni yangu. Saa zile za katikati ni ndefu mno kwa anayeongoza. Aliyeko nyuma anakula, analala, hana la kupoteza. Anayeongoza 6-2 anakaa chumbani akihesabu: nne tu, nne tu. Akirudi mezani anacheza kulinda, na snuka haimpendi mtu anayelinda.

Sisemi ni sheria. Mwaka 2016 Barry Hawkins alishinda fremu ya kwanza, O'Sullivan akashinda kumi zilizofuata, 10-1. Na 1988 Davis alimfunga huyohuyo Hallett 9-0. Hallett na fainali za Masters hawakuwa wameandikiwana.

Kwa nini kombe linaitwa Paul Hunter?

Kwa sababu hakuna aliyeuishi usiku wa fainali hii kama yeye. Kijana kutoka Leeds, nywele za dhahabu, tabasamu tele, mpenzi wa watu. Alicheza fainali tatu, 2001, 2002 na 2004. Zote tatu alikuwa nyuma vibaya, zote tatu akashinda 10-9.

Ile ya kwanza ndiyo inayochekesha. Mchana wake ulikuwa mbovu, Fergal O'Brien wa Ireland akaongoza 6-2. Wakati wa mapumziko Hunter akaenda hotelini na mchumba wake. Aliporudi alikuwa mtu mwingine: alivuka pointi 100 kwa zamu moja mara nne ndani ya fremu sita. Waandishi walipomuuliza siri yake, akajibu kwa utani kwamba yeye na mchumba wake walikuwa wametumia "mpango wa pili". Magazeti ya Uingereza yakafanya sherehe, na nyinyi ni watu wazima, sihitaji kuendelea. Mwaka uliofuata alikuwa nyuma 5-0 dhidi ya Mark Williams. Mwaka 2004 alikuwa nyuma 7-2 dhidi ya O'Sullivan.

Alifariki Oktoba 2006 kwa saratani, zikiwa zimebaki siku tano atimize miaka 28. Miaka kumi baadaye ilitangazwa kwamba kombe la Masters litabeba jina lake. Wengi tuliona limechelewa.

Nani amelitwaa mara nyingi zaidi?

Ronnie O'Sullivan, mara 8. La kwanza alilichukua 1995 akiwa na miaka 19, la nane 2024 akiwa na miaka 48, baada ya kumfunga Ali Carter 10-7. Kwa hiyo bingwa mdogo kuliko wote na bingwa mkubwa kuliko wote katika historia ya mashindano haya ni mtu mmoja, na kati ya makombe hayo mawili kuna miaka 29. Rudia kuisoma hiyo.

Hendry anafuata kwa makombe 6, matano kati ya hayo mfululizo kuanzia 1989 hadi 1993. Wenye matatu ni Cliff Thorburn, Davis, Hunter na Selby.

Kuna Mwafrika aliyewahi kushinda?

Yupo, na nashangaa watu wetu hawamjui. Perrie Mans wa Afrika Kusini alichukua Masters ya 1979 kwa kumfunga Alex Higgins 8-4. Mwaka mmoja kabla alikuwa amefika fainali ya Ubingwa wa Dunia akafungwa na Reardon. Cha ajabu zaidi ni namna alivyoshinda: katika mashindano yote yale hakufikisha pointi 50 kwa zamu moja hata mara moja. Zamu yake bora ilikuwa 48. Kwa wachezaji wa leo, wanaovuka 100 kama wanavuka barabara, hilo halielezeki. Mans aliwashinda kwa kuingiza mpira mgumu, kuchukua chache, kisha kuficha na kumwachia mwenzake mtihani. Wale wa pool za mtaani mtamwelewa vizuri kuliko Waingereza wanavyomwelewa.

Wachina je?

Ding Junhui alifika fainali 2007 akiwa na miaka 19. Alianza kwa kuongoza 2-0, O'Sullivan akambadilikia, ukumbi ukamzomea kijana wa watu, machozi yakamtoka. Alifungwa 10-3, na O'Sullivan mwenyewe ndiye aliyemshika bega kumtuliza. Miaka minne baadaye Ding akarudi akalichukua, akimfunga Marco Fu wa Hong Kong 10-4, fainali ya kwanza ya Waasia wawili.

Yan Bingtao alishinda 2021 kwa kumfunga John Higgins 10-8, akiwa na miaka 20, katika ukumbi usio na watazamaji. Sura yake iliharibika vibaya baadaye: mwaka 2023 alifungiwa miaka 5 katika kesi ya kupanga matokeo iliyowakumba wachezaji kadhaa wa China. Kipaji kile kupotea vile kinaniuma hadi leo.

Hufanyika ukumbi gani?

Alexandra Palace, jumba la kale juu ya kilima kaskazini mwa London, tangu 2012, isipokuwa 2021 enzi za korona. Jumba hilo lilifunguliwa 1873, likaungua baada ya siku 16, likajengwa upya na kufunguliwa 1875. Mwaka 1936 BBC ilianza kurusha matangazo yake ya televisheni ya kila siku kutoka humo. Kabla ya 2012, nyumba ya Masters ilikuwa Wembley: Conference Centre kuanzia 1979 hadi 2006, kisha Arena. Wazee wa mchezo huu bado wanalilia Conference Centre, na mechi yake ya mwisho iliaga vizuri. Ilikuwa fainali ya 2006, fremu ya 19, O'Sullivan akiwa na pointi 60 dhidi ya sifuri. Akakosa mwekundu mmoja, John Higgins akainuka akasafisha meza kwa pointi 64.

Nani anagharamia?

Siku hizi ni kampuni mbalimbali. Kuanzia 1975 hadi 2003 ilikuwa sigara ya Benson & Hedges, hadi sheria ya Uingereza ilipopiga marufuku matangazo ya tumbaku. Ile fainali ya Hunter ya 2004 ilichezwa bila mdhamini.

Huku kwetu inakuwa saa ngapi?

Fainali huanza saa 7 mchana kwa London. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala ni saa 10 jioni. Kigali, Bujumbura na mashariki ya Congo ni saa 9 alasiri, Muscat ni saa 11 jioni. Kipindi cha pili kwa Afrika Mashariki huanza saa 4 usiku, na ikiwa ngumu inavuka saa 7 usiku bila wasiwasi. Jumatatu kazini utakuwa na macho mekundu. Walioko Toronto na New York wanastarehe: kwao ni asubuhi saa 2 na mchana saa 8.

Yapo mashindano mengine ya mwaliko?

Yapo. Champion of Champions hukusanya walioshinda mataji, na Shanghai Masters imekuwa ya mwaliko tangu 2018. Riyadh nako Saudi Arabia iliandaa ya kwake mwaka 2024 ikiwa na mpira wa ziada wa dhahabu wenye pointi 20, ili anayefikisha 147 aweze kufika 167. Mimi huo mpira wa dhahabu naona ni mapambo ya harusi.

Nataka kuangalia fainali moja ya zamani. Nianze na ipi?

Ya 2004, Hunter na O'Sullivan. Ukikosa muda wa yote, ruka mchana, anzia 7-2. Usimwangalie sana anayepiga, mwangalie aliyekaa. O'Sullivan anaanza kwa kuegemea kiti. Pengo likianza kupungua ameshainama mbele, na Hunter, akitembea kwenda kupaka chaki, anatabasamu.